Muindi Mbingu na Ng'ombe wa Ukambani

Nayaandika haya nikiwa Rhamu, katika Kaunti ya Mandera, kando ya mto Daua. Mto huu hushuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, ukawa mpaka baina ya nchi mbili, ukapita Mandera, na huko Dolo ukakutana na Genale ukaitwa Juba. Ukingoni pana migomba, miembe na majaruba ya vitunguu. Ondoka mtoni mwendo mfupi tu, utakuta nchi ya ngamia, mbuzi na vumbi. Kwa hiyo mazungumzo ya barazani hapa hayana budi kuwa ya maji na udongo: lambo lichimbwe wapi, ukingo unaoliwa na mafuriko ulindwe na nani, na nani mwenye haki ya kumwambia mfugaji kwamba wanyama wake wamezidi malisho.

Swali hili la mwisho ndilo lililonikumbusha marehemu Samuel Muindi Mbingu. Wengi wamepita katika barabara yenye jina lake mjini Nairobi, karibu na Soko la Jiji, wasijue huyo Muindi alikuwa nani wala alitenda nini. Si ajabu. Jina likishapakwa rangi kwenye kibao cha barabara, mwenyewe husahauliwa.

Muindi alikuwa Mkamba wa Ngelani, katika vilima vya Machakos. Watu wa Ngelani hawakuwa wajinga wa mambo ya kisasa, kama wakoloni walivyopenda kuwaeleza wakulima Waafrika. Wengi walisoma shule za misheni, wakapata kazi za mshahara, na akiba yao wakaiweka katika ng'ombe. Ng'ombe ndiye aliyekuwa benki, mahari, maziwa ya watoto na heshima ya mzee. Wakati huohuo ardhi yao ilikuwa imebanwa. Vilima vya Mua vilikuwa vimetwaliwa na walowezi, na nyanda za Yatta walikokuwa wakilisha nyakati za kiangazi hazikuwa wazi kwao tena. Mifugo ile ile ikasongamana mahali padogo, nyasi zikaisha, mvua ikachukua udongo.

Hapo ndipo walipoingia wasimamizi wa ardhi. Miaka ya 1930 dhoruba za vumbi zilikuwa zimeharibu mashamba ya Marekani, na maofisa wa Kiingereza katika Afrika wakaingiwa na hofu kwamba nasi tutageuka jangwa. Serikali ya Kenya ikaunda idara ya kuhifadhi udongo, mkuu wake akiwa Colin Maher. Haki isemwe: mmomonyoko ulikuwapo, na makorongo ya Machakos hayakuwa hadithi. Lakini dawa waliyoiandika ilikuwa ya upande mmoja. Walihesabu ng'ombe, hawakuhesabu ardhi iliyotwaliwa. Mwaka 1938 wakaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe walichukuliwa wakanadiwa kwa bei ya kutupa, na haikufichika kwamba huko Athi River kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama kinachohitaji ng'ombe wa rahisi. Mwananchi akiona hayo, utamwambiaje kwamba ni udongo tu unaohifadhiwa?

Muindi Mbingu na wenzake wakaunda Chama cha Wanachama wa Ukamba. Watu walikula kiapo kwa desturi yao kwamba hawatatoa mifugo. Mwishoni mwa Julai 1938 zaidi ya watu 1,500, wanaume, wanawake na watoto, wakafunga safari kwa miguu hadi Nairobi kutaka kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakuja na mikuki. Walikuja na malalamiko, wakapiga kambi, wakakaa wiki baada ya wiki wakisubiri kusikilizwa. Gavana hakuwapokea Nairobi. Aliwataka warudi, naye akaenda Machakos mwezi wa Agosti kuwaeleza msimamo wa serikali. Kumbuka kwamba Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na katika polisi, kwa hivyo kelele zao zilitia baridi mifupani mwa wakubwa. Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo, naye aliifikisha habari yao kwa Waingereza wa kule.

Serikali ikafanya mambo mawili kwa pamoja. Ilimkamata Muindi Mbingu ikampeleka uhamishoni Lamu. Sisi watu wa pwani twajua kwamba mji wetu huo wa mashairi ulikuwa pia gereza la wazi la wale waliosema kweli bara. Lakini kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Mtu mmoja alifungiwa kisiwani, nalo neno lake likashinda nyumbani. Muindi hakuuona uhuru. Uhai wake ulikatika mwaka 1953, katika siku za hali ya hatari.

Wapo watakaosema kwamba Muindi alikuwa adui wa udongo. Nawajibu kwa yaliyotokea baada yake. Vilima vilevile vya Machakos leo vimejaa matuta. Baada ya ukoloni watu waliendelea kuyachimba kwa hiari, aghalabu akina mama katika vikundi vya mwethya, kwa ile njia ya kutupa udongo upande wa juu inayoitwa fanya juu. Wakazi waliokuwa kiasi cha 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 walifika karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulipungua. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye jembe alijua shamba ni lake na mavuno ni yake. Huko Uluguru, Tanganyika, matuta ya amri yalizusha ghasia mwaka 1955 na mtu akafa. Amri ya matuta ilimwaga damu, na hiari ya matuta ikaleta mahindi.

Hata mathenge, mti uliotawanywa nchini ili kuzuia mchanga na vumbi, umewafunga wafugaji wa kaskazini njia na malisho. Watu wa Baringo walifika hata mahakamani kulalamika kwamba maganda yake yameharibu meno ya mbuzi wao. Waliouleta walikuwa na nia njema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mshirika huulizwa, haamriwi. Wafugaji Waborana wana msimamizi wa zamu ya kisima, naye hutiiwa bila askari, kwa sababu waliomweka ni wenye kisima na ngamia wake mwenyewe husubiri zamu kama wengine. Sheria ya maji ya Kenya ya 2002, na ile ya 2016, zimevitambua vyama vya watumiaji maji. Hatua hiyo ni njema, maadamu vyama hivyo vitakuwa na sauti katika maamuzi na havitaitwa tu siku ya kutia sahihi.

Muindi Mbingu hakudai kwamba udongo uachwe uende na maji. Alidai kwamba anayeishi juu ya udongo huo awe wa kwanza kuulizwa. Atakayekabidhiwa ulinzi wa ardhi na maji popote nchini, na aanze kazi kwa swali hilo, kisha ndipo ahesabu ng'ombe.