Lloyd Mathews: Baharia wa Uingereza aliyeliunda jeshi la Sultani na kuacha alama Pemba

Na Mwandishi Wetu, Pemba

JINA la Pemba likitajwa mijini, wengi wetu hukumbuka karafuu, mchezo wa ng'ombe na safari za boti kutoka Unguja. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bahari ya magharibi ya kisiwa hicho, kuanzia Mkoani hadi Wete, iliwahi kuwa uwanja wa mapambano baina ya mabaharia wa Uingereza na wafanyabiashara wa watumwa. Miongoni mwa watu ambao maisha yao yalifungamana na mapambano hayo ni Sir Lloyd William Mathews, aliyefika Zanzibar akiwa luteni kijana wa manowari na kufa akiwa Waziri wa Kwanza wa dola ya Sultani.

Mathews alizaliwa Machi 7, 1850 katika mji wa Funchal, kisiwani Madeira, akiwa mtoto wa ofisa wa kijeshi mwenye asili ya Wales. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 13 tu, alijiunga na Jeshi la Majini la Uingereza kama mwanafunzi wa uofisa. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa enzi hizo: mtoto alipelekwa melini akiwa bado mdogo, akajifunza hesabu, nyota na nidhamu akiwa baharini. Baadaye alishiriki katika vita vya Waingereza dhidi ya Waashanti huko Afrika Magharibi mwaka 1873 na 1874, na baada ya hapo akapanda cheo na kuwa luteni.

Mwaka 1875 alipangiwa kazi katika manowari iliyoitwa London, iliyokuwa imetia nanga katika bandari ya Zanzibar. Meli hiyo haikuwa ngeni katika vita. Ilijengwa kwa mbao, ikashushwa majini mwaka 1840, na mwaka 1854 ilishiriki kuishambulia Sevastopol katika vita vya Crimea. Ilipoletwa Zanzibar mwaka 1874 ilikuwa imekwisha kuzeeka, na kazi yake haikuwa tena kupigana bali kuwa kambi inayoelea. Ndani yake mlikuwa na hospitali, karakana na maghala, na kutoka humo zilitumwa mashua na boti ndogo za mvuke kwenda kuvizia majahazi yaliyobeba watumwa.

Ili kuielewa kazi hiyo, msomaji hana budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika. Bei ya karafuu ikapanda, mashamba ya Pemba yakapanuka, na haja ya watu wa kulima na kuchuma ikaongezeka. Mwaka uliofuata, Juni 5, 1873, Sultani Seyyid Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao, baada ya kushinikizwa na Uingereza kupitia kwa balozi wake, John Kirk. Kwa hiyo marufuku ilikuja wakati uleule ambapo Pemba ilihitaji nguvu kazi kuliko wakati mwingine wowote. Biashara haikufa bali ilihamia usiku, katika vijito na mikoko.

Mabaharia waliotumwa Pemba walikaa kwa majuma kadhaa mbali na meli yao, wakilala ndani ya mashua zilizo wazi, wakinyeshewa mvua na kuumwa homa. Waliporejea bandarini Zanzibar walikuta mji wenye pumbao lake. Bendi ya Sultani ilipiga muziki mbele ya kasri nyakati za jioni, na mabaharia walioruhusiwa kushuka nchi kavu walitafuta vileo, ngoma na michezo kama ilivyo desturi ya mabaharia wa bandari zote duniani. Seyyid Barghash mwenyewe alikuwa mpenzi wa burudani. Alikwenda Uingereza mwaka 1875 na kukutana na Malkia Victoria, na ni yeye anayetajwa katika historia ya taarabu kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga ganuni.

Ni Sultani huyohuyo aliyeyabadili maisha ya Mathews. Hadi wakati huo ulinzi wa Sultani ulitegemea zaidi askari wa kukodi, hususan Wabaluchi na Waarabu wa Hadhramaut, ambao hawakuwa na mafunzo ya pamoja wala sare. Agosti 1877 Mathews, akiwa na umri wa miaka 27, aliazimwa na jeshi lake ili amwundie Sultani kikosi cha mtindo wa Kizungu. Alikusanya vijana, wengi wao Waafrika wa visiwani, akawafundisha gwaride, shabaha na utii wa amri. Serikali ya Uingereza ilichangia bunduki za Snider. Baada ya miaka michache kikosi hicho kilipita askari elfu moja, na Mathews akapewa cheo cha Brigedia Jenerali wa Zanzibar. Mwaka 1881 aliachana na utumishi wa majini ili abaki katika kazi hiyo.

Gwaride la askari hao likawa burudani kwa wakazi wa mji. Sare, tarumbeta, ngoma za kijeshi na hatua zilizopangwa vilikuwa vitu vipya machoni pa watu. Haishangazi kwamba katika miaka ya 1890 miji ya mwambao kama Lamu na Mombasa ilianza kucheza beni, ngoma iliyoiga bendi na magwaride ya Wazungu, na ambayo baadaye ilienea hadi bara. Vikundi vyake mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti, na jina la Marini lenyewe linakumbusha wanamaji. Wachezaji walipeana vyeo vya kijeshi, wakashindana kwa mavazi na kwa hatua. Kilichokuwa chombo cha mamlaka ya wageni kiligeuzwa na wenyeji kuwa mchezo wao wenyewe, wenye fahari na kejeli ndani yake.

Mwaka huohuo wa 1881 ndipo jina la Mathews lilipoingia katika historia ya Pemba. Desemba 3, nahodha wa manowari London, Charles Brownrigg, alikuwa katika boti ndogo ya mvuke akizikagua mashua zake zilizokuwa doria katika maji ya Pemba. Alikutana na jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Bendera hiyo ilikuwa na maana kubwa. Ufaransa haikuwaruhusu Waingereza kupekua vyombo vilivyosajiliwa chini yake, na wafanyabiashara wengi wa watumwa waliitumia bendera hiyo kama ngao. Brownrigg alisogea ili ahakikishe tu kwamba hati za jahazi zilikuwa halali, bila kuwaandaa watu wake kwa vita.

Jahazi hilo lilikuwa chini ya Hindi bin Khatam, na ndani yake mlikuwa na watumwa. Boti ilipokaribia, mabaharia wa jahazi walifyatua risasi kwa ghafla kisha wakaivamia. Brownrigg alipigana hadi mwisho akitumia bunduki yake kama rungu, akajeruhiwa mara nyingi kwa mapanga kabla ya kupigwa risasi na kufa. Baadhi ya watu wake waliuawa pamoja naye, na wengine waliponea majini. Jahazi likaendelea na safari yake.

Habari zilipofika Unguja, mji ulitaharuki. Kwa Waingereza, kuuawa kwa nahodha wa manowari lilikuwa jambo lisiloweza kuachwa. Kwa Seyyid Barghash lilikuwa hatari kubwa, kwa sababu kama asingechukua hatua mwenyewe, Waingereza wangeichukua kwa niaba yake, na heshima ya dola yake ingezidi kupungua. Alimtuma Mathews na askari wake kwenda Pemba. Kikosi kilimsaka Hindi bin Khatam hadi eneo la Wete. Katika mapambano yaliyotokea Hindi alijeruhiwa vibaya, akakamatwa, na baadaye akafa kwa majeraha yake.

Tukio hilo lilimpa Mathews sifa kubwa huko Ulaya. Hata hivyo halikumaliza biashara ya watumwa Pemba. Wenye mashamba bado walihitaji watu, mikoko bado ilificha majahazi, na manowari London iliuzwa mwaka 1884 ili ivunjwe. Vita dhidi ya utumwa havikuweza kushinda kwa mashua peke yake wakati utumwa wenyewe, ndani ya mashamba, ulikuwa bado halali kisheria.

Mathews alibaki. Aliwatumikia masultani watano: Barghash, Khalifa, Ali, Hamad bin Thuwaini na Hamoud bin Mohammed. Katika kipindi hicho dola aliyoajiriwa kuilinda ilikuwa inasambaratika. Wajerumani na Waingereza waligawana bara, na mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata Mathews aliteuliwa na serikali yake kuwa Kamishna na Balozi Mkuu katika eneo la Waingereza la Afrika Mashariki, lakini hakuipokea kazi hiyo. Oktoba 1891 akawa Waziri wa Kwanza wa Zanzibar. Tangu hapo Sultani alilipwa posho maalumu, huku hazina na utawala vikiwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1894 alitunukiwa nishani iliyompa haki ya kuitwa Sir.

Mtihani mkubwa wa utumishi wake ulikuja Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla Agosti 25, na Khalid bin Barghash, mtoto wa yule Sultani aliyemwajiri Mathews, akaingia katika kasri na kujitangaza mrithi bila ridhaa ya Waingereza. Mathews alijikuta upande wa pili akiongoza askari wapatao 900 wa jeshi aliloliunda mwenyewe kwa ajili ya Barghash. Agosti 27, saa 3 asubuhi, muda wa onyo ulipokwisha, manowari za Admirali Harry Rawson zililishambulia kasri. Meli ya Sultani, Glasgow, iliyojengwa mwaka 1878 kwa kuiga manowari ya Uingereza yenye jina hilo, ilizamishwa mbele ya mji. Vita vilidumu kwa dakika 38 hivi, na hutajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja tu alijeruhiwa. Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Wajerumani, na Hamoud akakalishwa kwenye kiti cha usultani.

Ni chini ya Hamoud ambapo, Aprili 6, 1897, ilitolewa amri ya kuondoa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba. Hata hivyo amri hiyo ilikuwa ya tahadhari mno. Mtumwa hakuwa huru kwa amri yenyewe, bali alitakiwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na aliyekosa makazi na kazi aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Fidia ilitengwa kwa ajili ya bwana, na si kwa aliyetumikishwa. Masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka 1909. Serikali aliyoiongoza Mathews ilihofia kwamba mashamba ya karafuu yangeanguka na hazina ingekauka. Kwa sababu hiyo wengi wa waliopata uhuru huko Pemba walibaki katika mashamba yaleyale, wakipewa kipande cha kulima na kulipa kwa siku za kazi. Wachache walipata hifadhi na kazi katika misheni ya Waquaker, iliyoanzishwa karibu na Chake Chake mwaka huohuo.

Sir Lloyd Mathews alifariki dunia mjini Zanzibar Oktoba 11, 1901 kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Zaidi ya nusu ya uhai wake aliutumia visiwani.

Waandishi wa Kiingereza wa zama zile walimsifu kama rafiki wa Zanzibar na adui wa utumwa, na kwa Brownrigg na mabaharia wenzake waliokufa Pemba sifa ya kupigana na biashara ile haiwezi kukanushwa. Lakini mkono uleule uliomkamata Hindi bin Khatam ndio uliosimama kinyume cha kasri mwaka 1896, na serikali ileile iliyotangaza uhuru mwaka 1897 ndiyo iliyowaacha walioachiwa huru bila ardhi. Suala la ardhi na la nani anufaike na karafuu lilibaki Pemba muda mrefu baada ya Mathews kuzikwa, na ni miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa kwa uchungu katika siasa za visiwani hadi Mapinduzi ya mwaka 1964.