Sheikh Mbaruk wa Gazi

Sisi tuliozaliwa Chale, Gazi ni jirani yetu wa kusini. Nilipokuwa mdogo, nyanya yangu alikuwa akitutisha kwa jina la Sheikh Mbaruk tukikataa kulala. Siku ya pili akimsifu kwa ushujaa. Nikadhani ni watu wawili.

Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui alikuwa angali mdogo mambo yalipomfika babake. Wamazrui walikuwa wameitawala Mombasa takriban miaka mia, na Seyyid Said alikwisha kuwapigania mara kadha wa kadha. Mwaka 1824 walipandisha bandera ya Kiingereza wapate kinga, lakini Waingereza walikwisha kufanya mkataba na Seyyid, na mwaka 1826 wakaishusha wakaenda zao. Mwaka 1837 Seyyid akaingia Mombasa kwa sulhu. Baadaye mwanawe Khalid akawaita wakubwa wa Kimazrui barazani, na waliokwenda, wapatao 25, wakakamatwa. Hawakupelekwa kwa kadhi wala hawakusomewa kosa. Walitiwa jahazini hadi Unguja, kisha Bandar Abbas, na huko wakafa. Rashid bin Salim, babake Mbaruk, alikuwa mmoja wao.

Waliosalia waligawanyika, wengine wakenda Takaungu, wengine wakaja Gazi. Mbaruk alipopata utawala wa Gazi hakutulia chini ya Unguja. Akishindwa pwani hukimbilia bara, kwenye boma lake la Mwele. Mwaka 1882 Seyyid Barghash alimpeleka Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wake, akalizingira boma hilo na kulivunja. Mbaruk alisalimika, na baadaye akarudi Gazi.

Hapa sina budi kusema na upande wa pili, maana si haki kumlilia mtu kwa jicho moja. Mbaruk alikuwa na watumwa wengi, na watu wa vijiji walimwogopa. Wazee wa kwetu husimulia chumba katika nyumba yake ambamo watu walifungiwa na kufukizwa pilipili. Mimi sikukiona kikitumika, lakini nyanya yangu hakuwa mtu wa kutunga.

Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alikufa. Kampuni ya Kiingereza, iliyokuwa ikitawala pwani kwa jina la Seyyid, ikamtawaza kijana iliyempenda, ikamwacha aliyekuwa na haki ya ukubwa, naye pia jina lake Mbaruk bin Rashid. Yule akaasi, akashindwa, akaja Gazi na watu wake. Sheikh Mbaruk akatakiwa awatoe. Je, mwana wa Rashid bin Salim angeweza kuwatoa jamaa zake wachukuliwe na Seyyid? Hakuwatoa.

Manowari zikaja. Mwezi wa Agosti Admirali Rawson alipanda bara na mabaharia wake na askari wa Unguja, na tarehe 17 wakaitwaa Mwele. Vita havikwisha, viliendelea kwa kuviziana msituni na vijiji kutiwa moto, hata askari wakaletwa kutoka Bara Hindi. Walioumia zaidi ni wakulima waliokuwa katikati, kwani kila upande uliwadai chakula na kila upande uliwatuhumu.

Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi zaidi ya elfu, wanawake na watoto wakiwamo, akaweka silaha mbele ya Wadachi. Wakampa makazi karibu na Dar es Salaam, na huko akafa mwaka 1910, Mungu amrehemu.

Nyumba yake ya Gazi baadaye ilifanywa skuli. Niliingia mara moja na nyanya yangu, watoto wakisoma kwa sauti chumba cha chini. Nilimwuliza ni chumba kipi kile cha pilipili. Alinishika mkono akanitoa nje, tukarudi Chale kabla maji hayajajaa.