IBN TAYMIYYA: MWANA WA MKIMBIZI ALIYEPEWA KITI CHA KUSOMESHA

Watu wetu wengi hulijua jina la Shekhe Taqiyyuddin Ahmad Ibn Taymiyya kwa vitabu vyake na kwa mabishano yaliyokuwa baina yake na wanavyuoni wa zama zake. Ni wachache wanaokumbuka kuwa aliingia Damascus akiwa mtoto mkimbizi, na kuwa lau mji ule ungaliwafungia milango watu wa kwao, huenda ilimu yake isingalitufikia. Twapenda basi kuwaeleza wasomaji wetu upande huu wa maisha yake.

Alizaliwa Harran, mji ambao leo umo kusini mwa Uturuki, tarehe 10 Rabiul Awwal mwaka 661 wa Hijra, yaani Januari 1263. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya ilimu. Babu yake, Majduddin, ndiye aliyekusanya hadithi za hukumu katika kitabu cha Al-Muntaqa, ambacho Imam Shaukani alikuja kukisherehesha baadaye katika Nailul Autar. Baba yake, Abdulhalim, naye alikuwa mwanachuoni na mwalimu.

Lakini zama zile zilikuwa zama za msiba. Mwaka 1258 Wamongoli, ambao Waarabu waliwaita Matatari, waliiteka Baghdad, wakamuua Khalifa na kuuharibu mji. Hofu ikaenea katika nchi zote za jirani, hata mwaka 667 wa Hijra (1269) Abdulhalim akakata shauri kuhama na jamaa zake. Waliondoka usiku, wakichukua vitabu vyao juu ya gari. Njiani gari lile likakwama, na adui akakaribia kuwapata. Wakamuomba Mwenyezi Mungu, wakaokoka. Ahmad alikuwa mtoto wa miaka sita. Fikiri, ewe msomaji: watu wanakimbiza roho zao, na mzigo wanaouona kuwa hauachiki ni vitabu!

Je, Damascus iliwapokeaje? Mji ule ulikuwa na mambo mawili yaliyowafaa wageni. La kwanza ni wakfu. Madrasa zilisimama kwa mapato ya maduka, mashamba na bustani zilizowekwa wakfu, na katika mapato hayo mwalimu alipata mshahara na mwanafunzi alipata chakula na mahali pa kulala. Kwa hivyo mwalimu aliyefika mikono mitupu aliweza kupewa kazi bila ya kuwa mzigo juu ya mtu yeyote. La pili ni kuwa mji ulikwisha kuzoea kuonja matunda ya wakimbizi. Miaka zaidi ya mia nyuma, jamaa za Ibn Qudama walikuwa wamewakimbia Wafaranja wa vita vya msalaba kutoka upande wa Nablus, wakakaa chini ya mlima wa Qasiyun. Hapo ukazuka mtaa wa Salihiyya. Shekhe Abu Umar akajenga madrasa, na ndugu yake Muwaffaquddin akatunga Al-Mughni. Wakimbizi wa jana ndio waliokuwa wenyeji wa leo.

Basi Abdulhalim hakuachwa akae barazani kungoja sadaka. Alipewa kiti cha kusomesha katika Msikiti wa Bani Umayya, akapewa na usimamizi wa Darul Hadith ya Sukkariyya, pamoja na makao humo humo. Mwanawe akakua katikati ya darsa, akasoma kwa mashekhe wengi, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke mwanachuoni, Bibi Zainab binti Makki.

Abdulhalim alipofariki, Ahmad alikalia kiti cha baba yake. Darsa yake ya kwanza aliisomesha Muharram mwaka 683 (1284), akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Yeye alikuwa Hanbali na mwana wa mgeni. Na waliokuja kumsikiliza ni pamoja na Kadhi Mkuu wa Mashafii na Shekhe Tajuddin al-Fazari, mkubwa wa Mashafii wa mji, ambaye aliiandika darsa ile kwa faida aliyoiona ndani yake. Sisi wa pwani, tulio Mashafii, na tuutazame uungwana huo wa watu wa madhehebu yetu.

Mwaka 1300 Matatari waliufikia mji wenyewe wa Damascus. Wakubwa wengi walikuwa wamekimbilia Misri. Mtoto yule mkimbizi, ambaye sasa ni shekhe, alibaki; akatoka na wajumbe kwenda kumkabili mfalme Ghazan kuwaombea watu amani. Na katika kuwakomboa mateka hakuridhika kufunguliwa Waislamu peke yao, bali alishikilia wafunguliwe pia Mayahudi na Manasara waliokuwa katika dhima ya Waislamu, na wakafunguliwa. Mji ukalipwa wema wake.

Insafu yatulazimisha kusema kuwa mji uliompa kiti ndio pia uliomfunga. Mwaka 1326 alitiwa ndani ya ngome kwa sababu ya fatwa zake, mwishowe akanyang'anywa wino na karatasi, na humo akafariki mwaka 1328. Wanafunzi wake, kama Ibnul Qayyim na Ibn Kathir, wameijaza dunia vitabu.

Ndugu zetu, haya si mambo ya kale tu. Tangu mwaka 1991 nchi yetu imepokea maelfu ya watu waliokimbia vita vya Somalia. Watu wa Barawa walifika Mombasa kwa majahazi, na wengi wao wakawekwa makambini. Wengine wamo Dadaab na Kakuma. Tuliwapa unga na mahema, na hilo ni jema. Lakini tujiulize: ni wangapi miongoni mwao waliokuwa walimu, na ni wangapi tuliowapa kiti? Mwalimu ambaye shahada yake imeungua pamoja na nyumba yake, na atahiniwe, kwani ilimu haikuungua. Mwanafunzi aliyekatiwa masomo na mizinga, na afunguliwe mlango wa chuo kikuu. Na wenye wakfu na mali miongoni mwetu, na watenge fungu la karo yake. Abdulhalim alihitaji kiti, chumba na wanafunzi, wala hakuhitaji zaidi ya hayo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Shekhe huyu na baba yake, na atujaalie kuwa wenyeji wema. Amin.