Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (Paris, Ufaransa, 18 Machi 1858 – 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini ya dizeli, iliyopewa jina lake pamoja na mafuta yanayotumika ndani yake.

Maisha

Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria walioishi Paris. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na wa kazi za ngozi. Vita kati ya Ufaransa na Prussia ilipozuka mwaka 1870, familia ililazimika kuhamia London. Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa kwa jamaa zake Augsburg, ambako mlezi wake alikuwa mwalimu wa hisabati.

Alisoma uhandisi mjini München chini ya Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kupoza, akahitimu mwaka 1880. Kazi yake ya kwanza haikuhusu magari bali utengenezaji wa barafu. Darasani alikuwa amejifunza kwamba injini ya mvuke hupoteza sehemu kubwa ya joto la makaa bila kufanya kazi yoyote, na jambo hilo halikumtoka akilini.

Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu.

Injini

Wazo lake lilikuwa kubana hewa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, kisha kuingiza mafuta yawake yenyewe bila cheche ya plagi. Alipata hataza mwaka 1893, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumsaidia. Jaribio la kwanza la mwaka huohuo liliishia kwa mlipuko uliopasua kifaa cha kupimia. Ilichukua karibu miaka minne zaidi. Tarehe 17 Februari 1897 injini yake ilipimwa rasmi, ikageuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati ambapo injini nyingi za mvuke hazikufikia hata asilimia 10.

Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni ya Afrika yangeweza kujitengenezea nishati kutokana na mazao yao, na Diesel mwenyewe aliunga mkono wazo hilo.

Kifo

Sifa zilikuja na fedha nyingi, lakini fedha hazikukaa. Kesi za hataza, maradhi na uwekezaji mbaya vilimwacha na madeni makubwa. Usiku wa 29 Septemba 1913 alitoweka kwenye meli Dresden, iliyokuwa ikitoka Antwerp kwenda Harwich. Siku kadhaa baadaye mabaharia Waholanzi waliona maiti baharini. Vitu vilivyotolewa mifukoni vilitambuliwa na mwanawe Eugen. Wengi huamini alijiua, wengine walidai aliuawa, haijathibitishwa.

Baada yake

Hakuishi kuona gari dogo la dizeli likiuzwa: Mercedes-Benz 260 D ilitoka mwaka 1936. Mwaka aliokufa, meli Graf von Goetzen, ambayo sasa ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg ikiwa ya mvuke; ilifungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Huko Kagera, malori yanayobeba kahawa na ndizi hutegemea injini hiyohiyo.

Mgandamizo mkubwa uliompa Diesel ushindi ndio pia unaoitesa oili. Dizeli ikiungua huacha masizi, nayo hushikwa na oili. Ndiyo maana oili huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, na weusi peke yake si dalili kwamba imekwisha. Magari mengi ya zamani hubadilishwa oili pamoja na filta yake kila kilomita 5,000, na mengi mapya kila kilomita 10,000 au zaidi, kufuatana na kitabu cha gari. Kwenye barabara za vumbi, kama za vijiji vya Nyakasimbi wilayani Karagwe, au kwa gari linalopanda milima likiwa na mzigo mzito, ni vema kufanya hivyo mapema zaidi. Gari lisilotembea sana nalo hubadilishwa oili, kwa kawaida mara moja kwa mwaka.