Muuza Viatu Aliyeogopa Kuacha Duka



Wengi wanaokuja kutafuta ushauri baada ya ibada siku hizi wana swali moja, ingawa kila mtu analiuliza kwa njia yake. Huyu ni mwalimu lakini moyo wake uko kwa kilimo. Yule amekaa ofisini miaka mingi na anataka kufungua karakana ya useremala. Mama mwingine amechoka na soko, anatamani kurudi shule asomee uuguzi. Wote wanajua wanachotaka. Kinachowashika ni hofu: kodi ya nyumba, karo, mkopo wa Sacco, na maneno ya watu.

Wiki hii tumwangalie mtu aliyepita njia hiyo hiyo, Dwight L. Moody. Wengi tunamjua kama mhubiri mkubwa wa Marekani wa karne ya 19. Kumbe alianza kama muuza viatu! Na kuacha viatu, kwa ushuhuda wake mwenyewe, kulikuwa mojawapo ya vita vikali zaidi maishani mwake.

Moody alizaliwa tarehe 5 Februari 1837 huko Northfield, Massachusetts. Baba yake alikuwa mwashi, na alifariki ghafla mtoto akiwa na miaka 4. Mama yake, Betsey, alikuwa mjamzito, na baada ya mazishi akajifungua mapacha. Sasa alikuwa na watoto tisa wa kulea peke yake. Wadai walikuja wakabeba karibu kila kitu, hata kuni. Shika hilo, kwa sababu linaeleza mengi. Mtoto aliyeona kuni za mama yake zikibebwa hawezi kuchezea pesa akiwa mkubwa. Wengine wetu tumelelewa hivyo, na hofu yetu ya kuacha kazi si upungufu wa imani tu. Ni kumbukumbu.

Mwaka 1854, akiwa na miaka 17, alienda Boston akapata kazi katika duka la viatu la mjomba wake. Mjomba alimpa sharti la kwenda kanisani. Tarehe 21 Aprili 1855, mwalimu wake wa shule ya Jumapili, Edward Kimball, alimfuata hadi dukani, akamkuta huko nyuma akifunga viatu, na hapo hapo Moody akampokea Kristo. Alipoomba kuwa mshirika wa kanisa, wazee walimhoji wakaona hajui mafundisho, wakamwambia asubiri. Alisubiri karibu mwaka mzima. Shule aliyosoma ilikuwa kidogo sana, na sarufi yake iliwachekesha watu hadi uzeeni.

Mwaka 1856 alihamia Chicago. Huko biashara ilimkubali. Mimi nilisomea biashara chuoni, na nikiangalia hesabu za kijana huyu navua kofia. Lengo lake lilikuwa kufikisha dola 100,000. Kufikia umri wa miaka 23 alikuwa ameweka akiba ya dola 7,000 hivi, na katika mwaka mmoja alipata zaidi ya dola 5,000 za komisheni juu ya mshahara. Kwa wakati huo hizo zilikuwa pesa nyingi sana.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemlipa. Kanisani alikodi viti, kisha akaingia mitaani kutafuta vijana wa kuvijaza. Baadaye akaanzisha shule ya Jumapili ya watoto maskini katika jumba la soko liitwalo North Market Hall. Jumamosi usiku jumba hilo lilitumika kwa dansi, kwa hiyo Jumapili asubuhi yeye na wenzake walifagia uchafu wa ulevi kabla ya watoto kuingia. Walikuja kwa mamia. Siku za wiki anauza viatu, Jumapili yuko na watoto. Aliishi hivyo miaka kadhaa, na hakuona sababu ya kuacha upande wowote.

Mwaka 1860 mwalimu mmoja wa shule hiyo alimjia akiwa mgonjwa wa mapafu, anatema damu. Madaktari walikuwa wamemwambia hataishi muda mrefu, na alikuwa anarudi kwa mama yake kufa. Hakulilia uhai wake. Alilia kwa sababu darasa lake la wasichana lilikuwa halijaokoka. Moody alikodi gari la farasi, akamchukua mgonjwa, wakaenda nyumba kwa nyumba. Kwa muda wa siku kumi hivi mwalimu yule aliwasihi wasichana wake mmoja mmoja, hadi wote wakaokoka. Usiku wa mwisho walikusanyika wakamwombea, na wasichana wenyewe wakaomba.

Moody alirudi dukani akakuta ladha ya biashara imeisha. Msifikiri aliacha kesho yake! Alipigana na Mungu muda mrefu. Tena biashara haikuwa imemharibikia, wala hakufukuzwa. Kuacha kazi mbaya ni rahisi. Yeye aliambiwa aache kazi nzuri iliyomlinda na umaskini alioujua kwa macho yake.

Hatimaye aliacha. Na hapa sitakudanganya, mpendwa: mapato yake yalishuka vibaya. Hakupewa mshahara mwingine. Aliishi kwa akiba yake, akawa analala kwenye benchi katika chumba cha YMCA na kula jibini na biskuti kavu. Zile dola 100,000 hakuzitafuta tena. Hata baadaye, kitabu cha nyimbo alichotoa pamoja na mwimbaji Ira Sankey kilipoleta pesa nyingi, mapato yake yaliwekwa mikononi mwa wadhamini na kutumika kwa kazi kama shule za Northfield.

Huyo Sankey naye ana funzo. Alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya kodi huko Pennsylvania, mwenye mke na watoto. Walipokutana mwaka 1870, Moody alimsikia akiimba, akamuuliza habari za familia na kazi, kisha akamwambia wazi kwamba itabidi aiache. Sankey alishtuka, na alichukua miezi kama sita kufikiri na kuomba. Kisha alikwenda Chicago wiki moja tu kujaribu. Wiki ilipoisha akaandika barua ya kujiuzulu.

Kubadilisha kazi hakukumaliza majaribu. Oktoba 1871 moto mkubwa wa Chicago uliteketeza nyumba ya Moody na kanisa lake. Tayari kina mama wawili wa kanisa lake walikuwa wakimwombea apate nguvu za Roho Mtakatifu, na mwishoni mwa mwaka huo, akiwa New York kuchangisha pesa za kujenga upya, Roho akamjaza. Mwaka 1873 yeye na Sankey walivuka bahari hadi Uingereza, wakapokelewa na habari kwamba waliowaalika wamefariki. Wakaanza na wachache mjini York. Kufikia 1875 walikuwa wakihubiria maelfu London.

Kwa wewe unayesoma hii na barua ya kujiuzulu bado iko moyoni, nina mambo matatu.

Kwanza, usingoje hofu iishe. Moody aliogopa, Sankey aliogopa, na wote walivuka hofu ikiwa bado ipo. Kilichobadilika ni kwamba waliona kitu kizito kuliko hofu.

Pili, ianze kazi mpya kabla hujaiacha ya zamani. Moody alifagia lile jumba miaka kadhaa bila malipo. Kama hujawahi kulima hata robo ekari wikendi, usiache ualimu kwa sababu ya shamba uliloliona kwa simu.

Tatu, hesabu. Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Zile dola 7,000 ndizo zilizomlisha Moody. Andika matumizi ya nyumba ya miezi sita, ukae na mume au mke wako, mwombe pamoja. Kuhesabu si kukosa imani.

Tena, si lazima uende madhabahuni. Moody mwenyewe hakuwahi kutawazwa kuwa mchungaji, na alibaki Bwana Moody hadi alipofariki tarehe 22 Desemba 1899. Muuguzi anamtumikia Mungu. Seremala pia, na Bwana wetu aliijua kazi hiyo.

Bwana akupe ujasiri wa kuketi na kuhesabu, na ujasiri wa kuinuka ukishahesabu. Amina.