Bonaya Godana: Mbunge wa jangwani aliyefia safarini kutafuta amani

ASUBUHI ya Jumatatu, Aprili 10, 2006, ndege ya kikosi cha wanahewa aina ya Y-12 iliondoka Nairobi kuelekea Marsabit ikiwa imebeba watu 17. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya mlima wa Marsabit, kama ilivyo kawaida yake msimu wa mvua. Ndege hiyo iligonga kilima karibu na mji na kuwaka moto. Watu 14 walifariki.

Miongoni mwa waliokufa alikuwa Dkt Bonaya Adhi Godana, mbunge wa North Horr na naibu wa kiongozi wa upinzani rasmi bungeni. Alikuwa na umri wa miaka 53. Alikuwa akienda kuketi na viongozi wenzake wa kaskazini, ambao baadhi yao walikuwa mahasimu wake wa kisiasa, ili wazungumzie damu iliyokuwa imemwagika baina ya jamii zao.

Godana alizaliwa Septemba 2, 1952, katika jamii ya Wagabra, wafugaji wa ngamia wanaohamahama pembezoni mwa jangwa la Chalbi hadi mpaka wa Ethiopia. Watoto wa huko wakati huo walijifunza kuchunga kabla ya kujifunza kusoma, na wengi hawakupata hilo la pili. Yeye alilipata. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaenda Geneva, Uswisi, alikopata shahada ya uzamifu katika sheria ya kimataifa.

Mada aliyoichagua ilikuwa maji. Kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1985 kilichunguza jinsi mataifa ya Afrika yanavyogawana mito mikubwa ya Nile, Niger na Senegal. Huenda ni mtu aliyekulia mahali ambapo kisima kimoja huamua nani ataishi na nani atahama ndiye angeona haraka kwamba ugomvi wa maji hauishi bila sheria inayokubaliwa na pande zote.

Alirejea kufunza sheria katika chuo kikuu hicho cha Nairobi. Mnamo 1988 aliingia bungeni kwa tiketi ya Kanu, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo.

Eneo bunge alilokabidhiwa ni miongoni mwa makubwa zaidi nchini kwa ardhi, lakini wakazi wake ni wachache na wametawanyika. Zaidi ya hayo, sheria za hali ya hatari zilizowekwa wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, zilikuwa bado zinatumika. Mwaka wa 1970 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa waliyoyatenda wakati wa vita hivyo katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Masharti ya hali ya hatari hayakuondolewa hadi Novemba 1991. Kwa hivyo, kwa miaka yake mitatu ya kwanza bungeni, wakili huyu aliwawakilisha wapigakura ambao haki zao mbele ya sheria hazikuwa sawa na za Mkenya wa Nyeri au Kisumu.

Msomaji wa leo aliyezoea magavana na mabunge ya kaunti anafaa kukumbushwa jinsi malalamishi yalivyosafiri siku hizo. Mchungaji aliyeporwa ngamia alipiga ripoti kwa chifu. Chifu alimpasha mkuu wa tarafa, naye mkuu wa tarafa akamwandikia mkuu wa wilaya mjini Marsabit. Kutoka hapo barua ilielekea kwa mkuu wa mkoa. Marsabit ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, makao makuu yake yakiwa Embu, mamia ya kilomita kusini, kwenye mashamba ya kahawa na majani chai. Jibu lilipofika, kama lilifika, wezi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka na mifugo.

Maafisa hao wote waliteuliwa kutoka Nairobi. Hakuna hata mmoja aliyewajibika kwa kura ya mwananchi. Mbunge ndiye pekee aliyechaguliwa, lakini hakuwa na askari, gari wala bajeti ya kuamrisha. Alichokuwa nacho ni mdomo wake. Usalama, barabara na maji ndiyo mambo yaliyomrudisha Godana mbele ya wakuu hao na mbele ya mawaziri mara kwa mara.

Huku kwao wakingoja majibu, yeye alipanda ngazi kwa kasi. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 alikuwa Naibu wa Spika, na mnamo 1998 Rais Daniel arap Moi alimteua Waziri wa Mashauri ya Nchi za Kigeni. Mitihani haikuchelewa. Agosti 7 mwaka huo ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulilipuliwa na zaidi ya watu 200 wakaangamia. Februari 1999, kiongozi wa Wakurdi Abdullah Öcalan, aliyekuwa amefichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki jijini, alitiwa mbaroni na kupelekwa Uturuki. Ni Godana aliyesimama mbele ya wanahabari wa dunia kueleza msimamo wa Kenya, na Ugiriki ikatakiwa imwondoe balozi wake.

Lakini jambo lililomgusa karibu zaidi halikupewa nafasi kubwa magazetini. Miaka hiyo wanajeshi wa Ethiopia walikuwa wakivuka mpaka kuwasaka waasi wa Oromo, na wakazi wa Moyale na Marsabit wakalipa gharama. Mbunge aliyepaswa kupaza sauti kwa niaba yao sasa ndiye aliyekuwa waziri wa kuzungumza na Addis Ababa kwa lugha ya ujirani mwema. Haikuwa rahisi kuvaa kofia hizo mbili, na wapo waliomlaumu kwamba kofia ya waziri iliifunika ile ya mbunge.

Lawama hiyo ina uzito wake. Godana alikuwa ndani ya chama tawala kwa miaka 14, akaketi katika baraza la mawaziri hadi mwisho wa utawala wa Moi, mara ya mwisho akisimamia Kilimo. Alipoondoka serikalini barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikuwa bado ya vumbi na mawe, na malori yalisafiri kwa msafara yakilindwa na polisi. Lami ilikamilika miaka mingi baada ya kifo chake. Hata hivyo, kumlaumu mtu mmoja kwa kupuuzwa kwa eneo zima tangu enzi za mkoloni ni kumtwika mzigo usio wake peke yake.

Kanu iliposhindwa mwaka wa 2002, yeye alihifadhi kiti chake na kuhamia upande wa upinzani. Ni hapo alipokumbwa na mkasa mkubwa zaidi.

Alfajiri ya Julai 12, 2005, mamia ya watu wenye silaha walivamia Turbi, kituo kidogo kando ya barabara ya Marsabit kwenda Moyale. Waliwaua zaidi ya watu 50, wengi wao Wagabra. Zaidi ya 20 walikuwa watoto wa shule ya msingi. Washukiwa walikuwa wa jamii ya Waborana. Siku hiyo hiyo, katika kituo cha Bubisa, abiria Waborana walitolewa garini wakauawa kulipiza kisasi, wakiwemo watoto.

Wagabra na Waborana huzungumza lugha moja. Wameoana, wamepeana ng'ombe na ngamia, na wamegombania visima hivyo hivyo kwa vizazi.

Viongozi wa Marsabit waliilaumu serikali kwa kuchelewa kufika na kwa kuwaachia raia kazi ya kujilinda. Serikali nayo iliwanyooshea kidole wanasiasa. Palikuwa na ukweli pande zote mbili. Kila mbunge wa huko alichaguliwa kwa kura za ukoo na kabila lake, na alipopeleka kilio cha watu wake kwa wakuu, mara nyingi kilisikika upande wa pili kama mashtaka dhidi ya jirani. Godana hakuweza kuwalilia watoto wa Turbi kwa namna ambayo Mborana wa Moyale angeipokea bila shaka, wala mbunge wa Moyale hakuweza kulia Bubisa mbele ya Wagabra.

Ndiyo sababu safari ile ya Aprili ilikuwa na maana. Ndani ya ndege moja waliketi Godana, Guracha Galgallo wa Moyale, Abdi Sasura wa Saku na Titus Ngoyoni wa Laisamis, yaani wabunge wote wanne wa wilaya za Marsabit na Moyale. Pamoja nao walikuwa Mirugi Kariuki, waziri msaidizi wa usalama wa ndani, na Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Safari hii serikali haikungoja barua ipitie ofisi za utawala. Iliwafuata wenyeji kwao.

Wote hao waliangamia. Kaskazini iliamka siku iliyofuata bila mwakilishi hata mmoja bungeni kutoka wilaya hizo mbili, na katika vijiji vya Wagabra na Waborana matanga yalifanyika kwa wakati mmoja.

Uchaguzi mdogo ulifanyika Julai mwaka huo. North Horr ilimchagua Ukur Yatani, ambaye mwaka wa 2013 alikuwa gavana wa kwanza wa Marsabit baada ya mikoa ya zamani kufutwa. Wazee wa Gabra na Borana waliendelea kukutana wenyewe, na mwaka wa 2009 wakatangaza mapatano ya amani ya Maikona na Walda, yaliyoweka bayana faini ya mifugo kwa anayeua na kwa anayeiba.