Imamu Abu Hanifa na Duka Lake la Nguo

Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa katika mji wa Kufa, nchi ya Iraki, mwaka wa 80 wa Hijra (699), na asili ya wazee wake ni Ajemi. Kazi yake ilikuwa biashara ya nguo za khazi, nazo ni nguo za thamani zifumwazo kwa hariri na sufu. Alikuwa kijana wa sokoni hata Imamu Shaabi akamwona, akamtambua kuwa ana akili nyingi, akamshauri akae na wanavyuoni. Basi akashikamana na Sheikh Hammad bin Abi Sulaiman muda wa miaka 18, na Sheikh huyo alipofariki mwaka wa 120 (738) yeye ndiye aliyekalia mahali pake kusomesha. Walakini duka hakulifunga.

Wengi wakitajiwa Imamu huyu hupenda kuhadithiana ya kuwa miaka 40 alisali alfajiri kwa udhu wa isha. Habari hiyo imo vitabuni, na wako wanavyuoni walioitilia shaka. Hata ikiachwa, fadhila yake haipungui, kwani habari za duka lake zatosha kumjulisha. Na ajabu ni kuwa hizo ndizo zisizosimuliwa sana, khasa mbele ya wenye maduka.

Imepokewa kuwa siku moja alijiwa na mwanamke mwenye nguo ya hariri ya kuuza, akataka dirhamu 100. Imamu akaitazama, akamwambia kuwa yazidi hapo. Yule mwanamke akaongeza 100, kisha 100 nyingine, hata akafika 400, na Imamu akali akisema kuwa yazidi. Mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Imamu akamtaka alete mtu wa kuithamini, akaletwa, na mwisho akainunua kwa dirhamu 500. Kwa sharia, lau angaliinunua kwa 100, na mwenyewe yu radhi, bei ingalisihi. Hapana kadhi ambaye angaliivunja. Lakini aliona kuwa ujinga wa mwenye mali si faida ya kuichukua, na kwamba kumnasihi Mwislamu ni wajibu hata pale nasaha inapomtoa fedha mwenye kunasihi.

Alikuwa na mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman. Mara moja alimpelekea bidhaa, na ndani yake mlikuwa na nguo moja yenye aibu. Akamwagiza asiiuze ila baada ya kumwonyesha mnunuzi aibu hiyo. Hafs akauza, akasahau kuonyesha, wala hakumjua aliyenunua. Imamu alipopata khabari alitoa sadaka fedha zote za bidhaa ile. Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Kuficha aibu ya kitu ni haramu, na mnunuzi akiiona ana khiyari ya kurudisha. Lakini mnunuzi huyu alikuwa amekwisha kwenda zake, hajulikani alipo, na haki yake imechanganyika na fedha nyingine. Hapakuwa na mdai, wala shahidi, wala mashtaka. Imamu hakungoja kudaiwa.

Faida ya mwaka aliikusanya, akawanunulia wanavyuoni na wanafunzi chakula na nguo, na kilichobaki akawagawia fedha, akiwaambia wamshukuru Mwenyezi Mungu peke yake, kwani hakuwapa chochote katika mali yake yeye. Miongoni mwao alikuwa Abu Yusuf, mtoto wa maskini, ambaye jamaa zake walitaka aache darasa akatafute riziki. Imamu akamkimu; naye baadaye akawa kadhi mkuu katika enzi ya Harun Rashid.

Na jirani yake alikuwa mshona viatu, mlevi, kila usiku akiimba wimbo wa kulalamika kuwa watu wamempoteza. Imamu akisikia katika ibada yake, wala hakumshitaki. Usiku mmoja sauti ikakatika. Akauliza, akaambiwa kuwa askari wa doria wamemkamata. Akapanda baghala wake akaenda kwa amiri, akamwombea, akatolewa. Walipokuwa wakirudi akamwuliza kama kweli wamempoteza. Yule mtu akatahayari, akatubia, wala hakuurudia ulevi.

Ukadhi aliukataa mara mbili. Zama za Bani Umayya, Ibn Hubaira, liwali wa Iraki, alimpiga mijeledi kwa kukataa kazi ya dola. Kisha Khalifa Mansur wa Bani Abbasi alimwita Baghdad akamtaka awe kadhi, akakataa, akafungwa. Yaweza kuulizwa: vipi mtu aliyewahudumia watu hivi akatae kuwahukumu? Jawabu ni kuwa hukumu ya kadhi ilitakiwa iwapendeze wakubwa, na chakula chake kitoke mikononi mwao. Yeye alikula kwa duka lake, na kwa hivyo aliweza kusema hapana.

Alifariki Baghdad mwaka wa 150 (767), akazikwa makaburi ya Khaizuran, na mtaa ule mpaka leo waitwa Aadhamiya kwa lakabu yake, Imamu Aadham. Mwaka huo huo, katika mji wa Ghaza, alizaliwa Muhammad bin Idris Ash-Shafii.